Hariri inavyotengenezwa, na namna ya kujua hali ya wanaoitengeneza

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayenunua hariri kwa kazi: fundi wa nguo, mwenye duka la vitambaa, mbunifu wa mitindo, au anayeagiza nyuzi ili afume mwenyewe. Wateja humuuliza mtu huyo kama hariri yake ni halisi. Nani kaitengeneza, na kwa hali gani, haliulizwi mara nyingi, na hata anayetaka kuuliza hajui aanzie wapi. Kwa hiyo naanza na utengenezaji wenyewe. Ukishajua moto unawaka wapi, mikono inaingia wapi na nani anamkopesha nani, utajua pa kuuliza, na muuzaji akikujibu kwa maneno matamu yasiyo na kitu ndani utamgundua.

Sehemu kubwa kabisa ya hariri ya dunia inatoka nchi mbili, China ikiongoza na India ikifuata. Uzbekistan, Vietnam, Thailand na Brazili nazo zimo. Mifano yangu mingi ni ya India, kwa sababu huko kazi nyingi bado inafanyika kwa mkono katika karakana ndogo, na kwa sababu hali za wafanyakazi wake zimechunguzwa na kuandikwa kwa kina. Usichukulie kwamba kwingine ni shwari.

1. Mayai

Hariri ya kawaida inatoka kwa nondo anayeitwa Bombyx mori. Amefugwa kwa maelfu ya miaka hadi amepoteza uwezo wa kuruka, na hawezi tena kuishi bila binadamu. Jike hutaga mayai 300 hadi 500, kisha hufa baada ya siku chache. India mfugaji hununua mbegu, yaani mayai, kwa kuhesabu majike: mayai ya majike 100 humpa viwavi kama 40,000 hadi 50,000.

Mbegu hizo huandaliwa katika vituo maalumu. Kuanzia mwaka 1865 Louis Pasteur alifanya kazi Alès, kusini mwa Ufaransa, akichunguza pebrini, ugonjwa uliokuwa ukiteketeza viwavi wa nchi nzima. Njia aliyoiacha inatumika hadi leo. Jike akishataga anasagwa, tone la majimaji yake linawekwa chini ya hadubini, na vimelea vikionekana mayai yake yote yanateketezwa. Anayeifanya kazi hiyo anashinda ameinamia hadubini katika jengo ambalo vumbi la magamba ya mabawa ya nondo linaelea hewani, na vumbi hilo linaleta mzio na pumu. Barakoa na feni ya kutoa hewa nje vinatosha kupunguza sana madhara yake. Wanunuzi wachache hufika mbali kiasi hiki, lakini kampuni kubwa inayojisifu kuwa inasimamia kila kitu kuanzia yai unaweza kuiuliza.

2. Kulisha

Yai likitunzwa kwenye joto la nyuzi 25 za sentigredi huanguliwa kwa siku kumi hadi kumi na mbili. Kiwavi hutoka akiwa mwembamba kama unywele na hula kitu kimoja tu, majani ya mforosadi. Kwa wiki tatu na nusu au nne zinazofuata hafanyi lingine. Hujibadili ngozi mara nne, na kila mara anapokaribia kujibadili huacha kula, huinua kichwa na kutulia kama siku nzima. Mfugaji mzoefu haongezi majani wala hagusi chano wakati huo, maana kiwavi aliyesumbuliwa akibadili ngozi hufa au hudumaa.

Wiki ya mwisho ndiyo inayomwelemea mfugaji. Zaidi ya asilimia 80 ya majani yote anayokula kiwavi maishani mwake anayamaliza katika kipindi hicho cha tano, baada ya kujibadili ngozi mara ya nne. Kundi la majike 100 linahitaji takribani tani moja ya majani kwa jumla, na sehemu kubwa yake lazima ikatwe, ibebwe na kutandazwa ndani ya siku saba au nane, usiku ukiwemo. Majani yakiwa yamelowa, viwavi huugua. Yakiwa yamenyauka, hawali. Chumba kikipata joto kupita kiasi au hewa ikisimama, kundi zima linaweza kuoza katika siku mbili na mfugaji akabaki na deni la mbegu.

Anayefanya kazi hii kwa kawaida ni familia, na ndani ya familia mzigo mkubwa ni wa wanawake. Malipo yao hayaonekani popote, kwa kuwa vifukofuko, yaani maganda ya uzi anayojitengenezea kiwavi, huuzwa kwa jina la mwenye shamba. Uzbekistan kuna jambo lingine la kuangalia. Kwa miaka mingi serikali iliwapangia wakulima kiwango cha vifukofuko wanachotakiwa kutoa, familia zikahamisha vitanda ili viwavi wapate vyumba, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika kuhusu wakulima waliotishiwa kunyang'anywa ardhi wasipotimiza. Hariri ikitoka huko, uliza kama mfugaji alikuwa na uhuru wa kukataa mbegu, na bei ya vifukofuko ilipangwa na nani.

Kuhusu dawa: kiwavi wa hariri ni dhaifu sana mbele ya viuatilifu, hata nikotini ya shamba la tumbaku lililo jirani inaweza kumdhuru. Hilo humfanya mfugaji awe mwangalifu na majani. Ila vyumba vyenyewe husafishwa kwa fomalini na unga wa klorini kabla ya kila kundi jipya, na mara nyingi chumba hicho ni sehemu ya nyumba watu wanamolala. Glavu, kinga ya macho na siku za kuacha madirisha wazi ndivyo vya kuulizia hapa.

3. Kifukofuko, na kifo cha bundo

Kiwavi aliyekomaa huacha kula, mwili wake hung'aa kidogo na huanza kutafuta pa kujishikiza. Huwekwa kwenye fremu au chano chenye vizuizi vya mianzi. Kwa siku mbili hadi tatu hutikisa kichwa akichora namba nane isiyo na mwisho, akitoa uzi mmoja usiokatika ambao urefu wake ni kati ya mita 600 na 1,500. Uzi huo ni protini mbili: fibroini, ambayo ndiyo hariri yenyewe, na serisini, gundi inayoushikiza kuwa ganda gumu. Gundi ni robo ya uzito, pengine zaidi kidogo.

Ndani ya ganda kiwavi hugeuka bundo, hatua iliyo kati ya kiwavi na nondo. Akiachwa, baada ya kama wiki mbili atatoka akiwa nondo, na ili atoke hulowesha ncha ya kifukofuko na kuivunja, hivyo uzi hauwezi tena kuvutwa mzima. Kwa hiyo bundo huuawa kwa hewa ya moto, mvuke au jua kali. Kilo moja ya hariri mbichi inahitaji kilo sita hadi nane za vifukofuko vibichi, yaani maelfu ya mabundo. Asiyetaka kuvaa kitu kilichotokana na kifo hicho ana haki ya kujua hilo waziwazi, na muuzaji asimzungushe.

Zipo njia nyingine. Kusuma Rajaiah wa India alianzisha na kuitangaza hariri ya ahimsa, au hariri ya amani, ambapo nondo huachwa atoke kwanza, kisha ganda lililotoboka husokotwa kama pamba. Kitambaa chake hakina mng'ao wa hariri ya kawaida. Kina joto na mguso wa sufu nyepesi. Hariri ya eri, inayofugwa sana Assam na Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, kwa majani ya mbarika, kifukofuko chake kina upenyo tangu mwanzo na husokotwa vilevile. Naipenda eri. Lakini lebo ya hariri ya amani inazungumzia mdudu tu. Mwanamke aliyeisokota anaweza kuwa amelipwa vizuri au vibaya, lebo hiyo haimhusu.

4. Karai la maji ya moto

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae kwa muda, kwa sababu ukiwa na nafasi ya kuuliza kuhusu hatua moja tu, uliza kuhusu hii.

Ili kuuvuta uzi, kifukofuko lazima kichemshwe gundi ilainike. Kisha kinapigwapigwa kwa brashi au kijiti hadi ncha ya uzi ipatikane. Uzi wa kifukofuko kimoja ni mwembamba mno kufaa kwa kazi, hivyo mvutaji huunganisha saba, nane au tisa kwa pamoja, huzipitisha kwenye tundu dogo, na gundi iliyolainika inazishikamanisha kuwa uzi mmoja unaojikunja kwenye gurudumu. Inaonekana rahisi ukiitazama kwa dakika tano. Ugumu wake ni huu: uzi wa kifukofuko huwa mwembamba zaidi kadiri unavyoelekea ndani. Mvutaji akianza na vifukofuko nane vipya na kumaliza navyo vyote pamoja, uzi wake utakuwa mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni, na utakataliwa sokoni. Kwa hiyo anachanganya vipya na vilivyofika nusu, anahesabu kwa macho, na kimoja kikiisha au kukatika anarusha ncha ya kingine papo hapo bila gurudumu kusimama. Macho hayatoki kwenye karai. Vidole vinahisi unene ambao jicho haliuoni. Huu ni ujuzi mkubwa, na unalipwa kama kibarua.

Sasa angalia chombo kinachotumika, kwa sababu chombo ndicho kinachoamua maumivu. India kuna aina nne za kuvutia uzi. Katika charkha ya kienyeji, vifukofuko vinachemshwa na kuvutwa katika karai lilelile, na mvutaji anaingiza vidole kwenye maji yanayokaribia kuchemka siku nzima, huku mwingine akizungusha gurudumu. Katika beseni za karakana ndogo, kuchemsha kunafanyika pembeni na kuvuta kunafanyika kwenye maji ya vuguvugu. Mashine za nyuzi nyingi hupunguza mwendo wa gurudumu na maji hayachomi. Mashine zinazojiendesha, zilizoenea sana China, huondoa mkono majini kwa sehemu kubwa. Hariri ya charkha na hariri ya mashine zinaweza kukaa bega kwa bega dukani bila mteja kuona tofauti ya zilikotoka.

Mikono inayokaa kwenye maji ya moto yenye gundi hubabuka. Ngozi huvimba, hupasuka kati ya vidole na huingiwa na vijidudu, na madaktari wa viwanda vya hariri vya Ulaya waliuandika ugonjwa huu zamani sana. Mvuke una harufu nzito ya mabundo yaliyopikwa, na protini ya gundi inayopanda nao huwasababishia baadhi ya wafanyakazi pumu. Jiko la kuni au la maganda ya mpunga lisilo na bomba la moshi linaongeza lake. Sakafu inakuwa na maji muda wote.

Hariri ya porini ya tasar ina adha yake. Katika majimbo kama Jharkhand, Chhattisgarh na Bihar, wanawake kwa muda mrefu wamekuwa wakiusokotea uzi kwenye paja lililo wazi, wakiusugua kwa kiganja hadi ngozi inachubuka. Serikali ya India ilianza kugawa mashine ndogo ziitwazo Buniyaad ili kuondoa njia hiyo. Ukinunua tasar, swali lako ni jepesi: uzi huu umesokotwa kwa mashine au kwa paja?

5. Kusokota

Hariri mbichi inayotoka kwenye karai husokotwa ili istahimili kufumwa. Kazi hii hufanyika katika vyumba vyenye mamia ya spindeli, vijiti vya kusokotea uzi, zinazozunguka, na kazi ya mtu ni kutembea kati ya safu akitafuta uzi uliokatika na kuufunga. Spindeli ziko chini, vyumba vina unyevunyevu na kelele, na kufunga fundo la uzi mwembamba kunataka vidole vidogo na macho makali. Matajiri wa karakana walilifanya hilo kuwa sababu ya kuajiri watoto.

Mwaka 2003 shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wake kuhusu hariri ya India, uliofanyika Karnataka, Tamil Nadu na Uttar Pradesh. Lilikadiria kwamba watoto takribani 350,000 walikuwa wakifanya kazi katika sekta hiyo, baadhi wakiwa wameanza na umri wa miaka mitano, saa 12 au zaidi kwa siku, karibu siku zote za wiki. Wengi walikuwa wamefungwa kwa deni. Takwimu hiyo ni ya zamani na hali imebadilika kwa kiasi katika maeneo mengi, shule zikiwa zimeongezeka na mashine pia. Utaratibu wa deni wenyewe ndio unaopaswa kueleweka, kwa sababu hauhitaji mtoto ili ufanye kazi. Humfunga mtu mzima vilevile.

Unakwenda hivi. Familia inapatwa na ugonjwa, msiba au harusi. Tajiri wa karakana anatoa advansi, na kwa malipo yake mtu mmoja wa familia anaanza kazi. Ujira unaandikwa mdogo kuliko wa soko kwa sababu ana deni. Kinachobaki hakitoshi chakula, hivyo anakopa tena. Daftari analo tajiri peke yake. Mfanyakazi akitaka kuhamia kwa mwingine anayelipa zaidi, lazima deni lote lilipwe kwanza, au tajiri mpya alinunue, naye anahama na deni lake mgongoni. Hakuna mnyororo wala mlango uliofungwa, na mkaguzi anayepita kwa nusu saa hataona kitu.

India ilipiga marufuku utumwa wa deni kwa sheria ya mwaka 1976, na sheria hiyo inasema madeni ya namna hiyo yamefutwa. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 29 wa mwaka 1930 kuhusu kazi ya kulazimishwa, namba 138 wa mwaka 1973 kuhusu umri wa kuanza kazi, na namba 182 wa mwaka 1999 kuhusu aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto, ambao mwaka 2020 ulifikia kuridhiwa na nchi zote wanachama. Karatasi zipo za kutosha. Upungufu uko kwenye daftari la tajiri, ambalo hakuna anayeomba kuliona.

6. Kuondoa gundi na kutia rangi

Uzi au kitambaa huchemshwa kwenye maji ya sabuni au magadi ili gundi itoke. Hariri hupoteza robo ya uzito wake hapo, nayo huwa laini na kung'aa. Kwa kuwa huuzwa kwa uzito, zamani viwanda vya Ulaya viliurudisha uzito huo kwa chumvi za bati, na kitambaa kilichotiwa sana chumvi hizo kilichanika chenyewe kikiwa kabatini.

Rangi nyingi za leo ni za kemikali. Umoja wa Ulaya umekataza rangi za azo zinazoweza kutoa amini zenye kusababisha saratani, kwa hiyo muuzaji anayepeleka bidhaa huko anapaswa kuwa na cheti cha maabara. Mtia rangi yeye husimama peku kwenye majitaka ya rangi hizo. Muulize muuzaji majitaka yanakwenda wapi.

7. Kufuma

Nyuzi za mtande hupangwa kwa maelfu kwenye kitanda cha kufumia, na mshindio, uzi unaokwenda upande kwa upande, hupitishwa kati yake. Varanasi, kaskazini mwa India, mfumaji wa mkono hukaa ukingoni mwa shimo, miguu ikiwa ndani ya shimo ikikanyaga pedali, mgongo umeinama, mara nyingi katika chumba chenye mwanga hafifu. Sari moja yenye nakshi huchukua siku kadhaa hadi mwezi na zaidi. Kanchipuram, kusini mwa India, sari zenye pindo la rangi tofauti hufumwa kwa mbinu ya korvai inayohitaji watu wawili, mmoja akipitisha mshindio wa sehemu ya katikati ya sari na mwingine wa pindo. Yule wa pili kwa desturi alikuwa mtoto.

Mara nyingi mfumaji hamiliki hata uzi anaoufuma. Mfanyabiashara humpa uzi na mchoro, humlipa kwa kipande, na kasoro ndogo hukatwa kwenye ujira. Kabla ya kufuma kuna kazi nyingi za maandalizi, kukunja nyuzi kwenye vibobini, kuunganisha mtande mpya na wa zamani fundo kwa fundo, na hizo hufanywa na mke na watoto bila kuhesabiwa. Marekebisho ya sheria ya India ya mwaka 2016 yalikataza ajira yoyote kwa aliye chini ya miaka 14, lakini yakaruhusu mtoto kusaidia shughuli za familia baada ya saa za shule, mradi si kazi ya hatari. Kwa kuwa vitanda vingi vya kufumia viko nyumbani, mwanya huo ni mpana.

Kwa mashine, kelele huharibu masikio, na mtu mmoja hulazimishwa kusimamia mashine nyingi zaidi kwa ujira uleule. Hilo si jipya. Wafumaji wa hariri wa Lyon waliinuka mwaka 1831 na tena 1834 kwa sababu ya bei ya kipande. Mwaka 1913 wafanyakazi wa hariri wa Paterson, New Jersey, waligoma kwa miezi mitano wakidai siku ya saa nane na kupinga kuongezewa mashine za kusimamia. Walishindwa.

Upande wa pili, kiwanda cha kuvuta uzi wa hariri cha Tomioka kilichofunguliwa na serikali ya Japani mwaka 1872 kiliwafanyisha kazi wasichana wake takribani saa nane kwa siku, kikiwa na Jumapili ya kupumzika, bweni na daktari. Viwanda binafsi vilivyofuata katika mkoa wa Nagano, hukohuko Japani, vilitumia ujuzi uleule na kuwafanyisha wasichana kazi saa nyingi zaidi. Maji yalikuwa yaleyale na viwavi walewale, kwa hiyo anayekwambia kwamba hariri kwa asili yake inadai mateso anakudanganya.

8. Lebo zinasema nini

Silk Mark ya India inathibitisha kwamba kitambaa ni hariri tupu. Haikuambii chochote kuhusu mfanyakazi. Kipimo cha mome kinaeleza uzito: mome moja ni kama gramu 4.34 kwa mita ya mraba. Jaribio la moto nalo ni la uzi tu: hariri hunuka kama unywele unaoungua na jivu lake husagika, polyesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. GOTS, cheti cha kimataifa cha nguo za nyuzi asilia za ogani, inaweka masharti ya kazi yanayofuata mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, na ina uzito zaidi. Ila soma cheti kinaishia wapi. Kiwanda cha kushona kinaweza kuwa na cheti chake safi huku uzi ukitoka kwa mvutaji ambaye hakuna aliyemtembelea.

9. Namna ya kuuliza

Maswali ya ndiyo au hapana hayakusaidii. Ukiuliza kama wanatumia watoto, utajibiwa hapana kila siku. Uliza yanayohitaji maelezo, kisha sikiliza kama majibu yana majina ya mahali na watu.

Uliza vifukofuko vilinunuliwa soko gani. Karnataka, kwa mfano, vingi hupitia mnada wa Ramanagara au Sidlaghatta, na mvutaji anayenunua huko anajua fungu la asubuhi ile na bei yake. Uliza uzi ulivutwa kwa chombo gani kati ya vile vinne. Omba picha ya chumba cha karai wakati wa kazi, upate kuona bomba la moshi, mwanga na sakafu. Uliza mvutaji analipwa kwa siku au kwa kilo, na siku vifukofuko vikiwa vibaya nani anabeba hasara. Muuzaji anayejua ataeleza bila kutafuta maneno. Asiyejua anaweza kuwa mwaminifu tu, na huyo mpe muda akuulizie.

Kisha uliza kuhusu advansi. Usiulize kwa sauti ya polisi, maana advansi yenyewe si kosa, na mfanyakazi maskini anaihitaji. Jua kama imeandikwa, kama mfanyakazi ana nakala, kama inakatwa kiasi gani kwa mwezi, na kama anaweza kuondoka kabla haijaisha. Swali la mwisho ndilo zito. Akisita hapo, umefika penyewe.

Ukipata nafasi ya kutembelea, nenda msimu wa kazi na ukae siku nzima. Tazama mikono. Tazama kama choo kipo na kama wanawake wanakitumia. Zungumza na watu wakati wa chakula, tajiri akiwa mbali, kupitia mkalimani usiyepewa na yeye.

Jikague na wewe. Mnunuzi anayebana bei ya mita moja na kutaka mzigo kwa wiki mbili ndiye anayemsukuma mvutaji afanye kazi usiku na kumwita mwanawe amsaidie. Bei ya vifukofuko hubadilika kila siku mnadani huku bei ya uzi uliyokubaliana nayo ikiwa imeshafungwa. Tofauti hiyo inatoka kwenye ujira, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mwenye karakana anaweza kukipunguza.

10. Ukimkuta mtoto kazini

Usidai afukuzwe siku hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1990 Bunge la Marekani lilipopelekewa muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto, viwanda vya nguo vya Bangladesh viliwafukuza maelfu yao kwa hofu tu, na UNICEF ilieleza kwamba wengi waliangukia kazi mbaya zaidi, zikiwemo za kuponda mawe. Mwondoe kwenye hatari mara moja, yaani kwenye karai, spindeli na rangi, lakini mshahara wa nyumba yao usikatike. Kinachofanya kazi ni ndugu yake mtu mzima kupewa nafasi hiyo kwa ujira wa mtu mzima, mtoto kuandikishwa shule iliyo karibu, na deni kufutwa kwa maandishi mbele ya shahidi asiye wa tajiri. Tafuta shirika la eneo hilo linalojua lugha na sheria lifuatilie. Gharama hizo zigawanywe kati yako na muuzaji, na ziandikwe kwenye oda inayofuata pamoja na bei ya uzi, tarehe ya kupeleka mzigo na kiasi cha malipo ya awali.